Mama Hakiki na Maharage ya Mstari wa Mlangoni

Mama mkwe wangu hamwamini mtu, na nasema hivi kwa heshima zote, kwa kuwa ndiye aliyenizalia mume. Akinunua mayai huyatia kwenye beseni la maji mbele ya muuzaji, na linaloelea linarudi lilikotoka. Mtungi wa gesi ukiletwa, anaupandisha kwenye mzani kabla aliyeuleta hajafuta jasho. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na kila akipiga simu kusema amefika salama, mama yake humwambia apige honi asikie. Mwanamume mzima na ndevu zake, amesimama kwenye yadi ya watu, anampigia mama yake honi. Kazini wanamwita Mama Hakiki, na jina hilo hakupewa na adui. Alijipa mwenyewe kwa kulirudia neno hilo kutwa nzima. "Ngoja kwanza nihakiki."

Kazi yake ni fundi sanifu wa maabara kwenye idara ya mimea ya chuo kikuu, na amekabidhiwa banda la vioo, lile jumba refu lenye joto ambamo walimu na wanafunzi hupanda miche ya majaribio. Ufunguo wa banda hukaa shingoni kwake, kwenye uzi mweusi, chini ya nguo. Mimi kazi yangu ni cherehani, hapo hapo barazani kwetu, kwa hiyo mambo yote ya mimea ninayoyajua nimeyapata kwenye meza ya chakula, nitake nisitake.

Kila likizo ndefu idara hiyo hupokea wanafunzi wa shahada ya kwanza waliopata ufadhili wa utafiti. Wenzao wakirudi makwao, hawa hubaki chuoni, kila mmoja na swali lake dogo kuhusu mimea na mwalimu wa kumwongoza. Wanapewa posho ya kujikimu, na mwisho wa likizo wanasimama ukumbini kueleza walichokiona. Mama mkwe hakuwahi kuukubali mpango huo.

"Mtoto alipwe kwa kutazama maharage yanavyoota," alikuwa akisema. "Kuna jambo hapo."

Nilimkumbusha kwamba hata yeye analipwa mshahara kwa kuyatazama maharage hayo hayo. Akanitupia jicho lile la mama wakwe, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Mwaka huo aliletewa binti wa mwaka wa tatu, mwembamba, mpole, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtoto. Mimi nilimwita Mfadhiliwa, naye akalizoea. Utafiti wake ulikuwa wa maharage: miche mingine apewe maji ya kutosha, mingine maji haba, aone inavyopishana katika kukua. Mabweni yalikuwa yamefungwa ili yapakwe rangi, naye hakuwa na pa kulala. Mama mkwe akatoa chumba chetu cha nyuma. Majirani walimsifu kwa ukarimu, na mimi pia nikamsifu, tukiwa jikoni. Akanisogelea sikioni.

"Unayemshuku, mlaze karibu," akasema.

"Kwani amefanya nini?"

"Bado."

Kilichomtia shaka ni namna binti alivyokuwa akipima. Mafundi wa zamani walimfundisha mama mkwe kwamba ukipima mche unalishika shina kwa vidole viwili, unalinyoosha taratibu kuelekea juu, ndipo unaweka rula. Mfadhiliwa hakushika kitu. Alisimamisha rula kando ya chungu, akainama, akafumba jicho moja, akaandika namba, akaenda kwenye chungu kinachofuata.

"Anakisia," mama mkwe akaniambia. "Anapima mche kama mtu anayeangalia bei ya gauni ambalo hana nia ya kulinunua."

Basi akaanza kuhakiki. Jioni, Mfadhiliwa akishatoka, yeye hubaki nyuma na rula yake mwenyewe, maana rula ya idara nayo haiamini. Hakuweza kupima miche yote, kwa sababu njia za katikati ya meza ni nyembamba na magoti yake ni ya kubembelezwa. Alipima mstari wa mlangoni tu, ule unaofikika bila kujipenyeza. Shina kwa vidole viwili, nyoosha, weka rula. Kisha analinganisha na namba ambazo binti amezibandika ukutani.

Zikalingana. Mtu mwingine angeishia hapo, akafunga mlango, akaenda zake nyumbani kuinua miguu. Mama Hakiki ndiyo kwanza akazidi kushuku. Alisema mtu mkweli hukosea mara moja moja, na asiyekosea kabisa ana lake jambo. Kwa hiyo kesho yake akapima tena, na kesho kutwa, na kila jioni iliyofuata.

Nyumbani binti hakuwa na neno na mtu. Aliosha vyombo bila kuambiwa, na hilo nalo likatiliwa shaka. Alikula kidogo, likatiliwa shaka. Siku moja alirudi na embe akampa mama mkwe, na lile embe lilikaa juu ya kabati likitazamwa mpaka likaiva kupita kiasi. Mimi nilimpenda. Nasema wazi kwamba nilimpenda, na sababu mojawapo ni hii: sasa tulikuwa wawili wa kutazamwa ndani ya nyumba ile, na mzigo wa wawili si sawa na mzigo wa mmoja. Jioni akirudi alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akinieleza habari za majani huku akinishonea vifungo. Sikuelewa nusu ya aliyoyasema, lakini yalikuwa maneno ya mtu anayependa kazi yake.

Siku moja tukiwa mezani akasema, "Mama, ile miche ya mstari wa mlangoni inadumaa."

"Inadumaa vipi?" mama mkwe akauliza.

"Ni mifupi kuliko mingine. Inayopata maji na isiyopata, yote. Sielewi."

Mama mkwe alitafuna polepole. Akasema labda ni baridi ya mlangoni. Binti akasema labda, akakusanya sahani akaenda kuziosha. Mlango wa jikoni ulipojifunga, mama mkwe akainama upande wangu.

"Umesikia? Ameshajua mstari ninaouhakiki. Anauharibu makusudi ili vipimo vyangu vivurugike, nisimkamate."

"Mama, nani anaharibu kazi yake mwenyewe?"

"Mwizi huanza kwa kuvunja taa," akasema, na hapo nikajua kwamba hakuna nitakalosema likaingia.

Kesho yake akaenda kwa Daktari, akamwambia binti anakisia vipimo na anauharibu mstari wa mlangoni. Huyu ni mwalimu aliyekuwa akimsimamia Mfadhiliwa. Wanamwita Daktari ingawa hawezi kukupa hata dawa ya kikohozi, ni msomi wa mimea. Daktari akashuka bandani, akaona kwa macho yake mstari mzima umebaki nyuma, akamuuliza binti sababu. Binti akasema hata yeye haelewi. Daktari akahitimisha mwenyewe: huyu hamwagilii mstari wa mlangoni ipasavyo, na nani ajue ni namba ngapi nyingine amezitoa kichwani. Akampa mpaka mwisho wa wiki iliyofuata. Alete maelezo ya kueleweka, la sivyo ufadhili unakatwa na barua inapelekwa kitivoni kwake kwamba amebuni vipimo.

Barua ya namna hiyo humfuata mwanafunzi kama kivuli chake. Hakuna mwalimu ambaye angekubali kumsimamia mwaka wa mwisho, na bila mwaka wa mwisho hakuna shahada. Mfadhiliwa alinieleza hayo akiwa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani.

"Dada, wataniita mwongo maisha yangu yote," akasema, "na sijasema uongo."

Moyo wangu uliwaka. Nilijua aliyepeleka maneno, naye alikuwa chumbani akijikanda magoti. Lakini mkwe ni mkwe, huwezi kumwanika mbele ya mgeni kama shuka. Nikamwambia binti avute subira.

"Kuna mkono wa mtu pale," akaendelea. "Maji nagawa sawa. Udongo ni mmoja. Kuna mtu anaingia nikishatoka."

Akaanza kuwapitisha watu mmoja mmoja. Mwanafunzi mwenzake mrefu wa meza ya pili, ambaye miche yake ya mtama ilikuwa inasuasua. Mlinzi wa geti, ambaye aliwahi kumuuliza kama maharage hayo yakikomaa yanagawiwa. Mimi nikasema kikulacho ki nguoni mwako, kama mtu anavyosema tu kujaza kimya, na nikamwona amenyanyua macho kunitazama vizuri. Kumbe hata mimi niliingizwa kwenye hesabu. Shaka ni ugonjwa wa kuambukiza, na nyumba yetu haikuwa na hewa ya kutosha.

Kabla hajaenda kulala aliniomba kipande cha chaki, ile ya buluu ninayochoria vitambaa kabla ya kukata. Nikampa. Nilidhani anataka kupandisha pindo la sketi.

Siku iliyofuata mama mkwe alirudi kutoka kazini kama kawaida, akavua koti lake jeupe, akanawa mikono, akaketi mezani. Ana tabia ya kusukuma miwani yake juu kwa kidole kila inapoteleza. Niliinua kichwa kumpa chumvi nikaona, pale juu ya pua, doa la buluu. Rangi ile naijua kama ninavyoijua sauti ya mume wangu, maana nimekatia nayo sare za watoto mtaa mzima. Kijiko cha Mfadhiliwa kilikuwa kimesimama njiani.

"Mama," akasema, "una kitu cha buluu puani."

Mama mkwe akajifuta, akaitazama leso. "Itakuwa rangi ya mlango."

"Ni chaki. Niliisaga nikainyunyiza kwenye mashina ya mstari wa mlangoni, nimjue anayeyashika."

Nilitamani ardhi ipasuke, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mama mkwe. Lakini yeye alikaa wima kama mtu aliyeitwa jina lake darasani.

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Nahakiki. Tangu wiki yako ya kwanza, kila jioni."

"Unamimina nini?"

"Simimini kitu, mwanangu. Sina haja ya kuua maharage yako. Napima."

"Unapimaje?"

Mama mkwe akanyoosha vidole viwili, akaushika mche usiokuwepo juu ya bakuli la mchuzi, akaupandisha taratibu mpaka ncha. "Hivi. Kama watu wanavyopima."

Mfadhiliwa akauficha uso viganjani. Mabega yalikuwa yakitikisika, na nilipomgusa nikakuta anacheka na kulia kwa pamoja. Alipopata sauti akaeleza. Daktari aliwaonya siku ya kwanza kabisa wasiiguse miche. Mmea ukishikwashikwa kila siku hujiona uko kwenye upepo mkali. Unaacha kurefuka, unanenepesha shina ili usivunjike. Ndiyo maana yeye alipima kwa jicho moja, bila kugusa.

"Nani kasema?" mama mkwe akauliza.

"Watu wamelipima jambo hilo, mama. Wameandika."

"Walihakiki?"

"Walihakiki."

"Mmea hauna ngozi," mama mkwe akasema, akasukuma kiti nyuma. "Nimeishi nao kabla wewe hujazaliwa, na hakuna hata mmoja ulionilalamikia."

Akaingia chumbani. Sahani yake ilibaki na nusu ya chakula, jambo ambalo sijaliona tena tangu hapo.

Asubuhi aliondoka bila chai. Nilikuwa ndiyo kwanza natia uzi kwenye sindano alipotokea tena barazani, anahema.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa Daktari."

"Mimi nikafanye nini huko?"

"Shahidi. Nitakayomwambia yule mtu atayageuza."

Njiani alitembea mbele yangu, akiongea bila kugeuka. Alikuwa ametoka bandani kuyaangalia mashina. Miche ya meza za nyuma, mashina membamba. Ya mstari wa mlangoni, manene na magumu, yote. Siku zote alipoyashika aliona ni unene wa afya. "Mche ulionyimwa maji haunenepi," akasema. "Hilo nalijua, na sikulitazama."

Ofisi ya Daktari ni ndogo, imejaa bahasha za mbegu hadi dirishani. Alitukaribisha viti. Mama mkwe akakataa kukaa.

"Nilikuletea habari za binti yule," akasema. "Hazikuwa za kweli. Sikujua, lakini hazikuwa za kweli. Mstari wa mlangoni nimeudumaza mimi, kwa vidole vyangu, kwa kuupima kila jioni. Binti hana kosa."

Daktari akamtazama kwa upole mwingi, ule upole unaoudhi.

"Mama Hakiki, nasikia huyo binti anakaa kwako."

"Anakaa."

"Anakula kwako."

"Anakula. Kidogo."

"Basi naelewa. Mama ni mama. Lakini utafiti hauendeshwi kwa huruma."

Mama mkwe hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa, na nilimwona akifika pale nilipo, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

"Unasema nadanganya," akasema.

"Nasema sina njia ya kujua. Juzi uliniambia hivi, leo unaniambia vile."

Nitasema ukweli wangu. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa utamu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Halafu nikaona kidevu chake kinacheza, na ule utamu ukageuka shubiri mdomoni. Alikuwa amesema jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyasema, tena dhidi yake mwenyewe, na halikuaminiwa.

"Hakiki, basi," akamwambia Daktari. "Usikae kwenye kiti ukanishuku. Hakiki."

Nimtendee haki Daktari, alikubali. Likizo ilikuwa bado na wiki kadhaa, na maharage hayachelewi. Binti apande miche mipya, yote ipate maji sawa. Nusu iguswe na mama mkwe kila jioni kama alivyokuwa akifanya, nusu isiguswe na mtu. Barua ya kitivoni ingesubiri. Lakini kwa kuwa mama mkwe sasa alikuwa mtu wa kuchunguzwa, asingeingia bandani peke yake. Daktari akanyoosha mkono. Mama mkwe akatoa ule uzi mweusi shingoni, akamkabidhi ufunguo. Mlinzi wa geti, askari mstaafu asiyejua mzaha, ndiye angekuwa anafungua, anasimama pembeni mpaka amalize, anafunga.

Siku zile zilikuwa ndefu. Mama mkwe alirudi kila jioni, akala, akalala. Mfadhiliwa aliendelea kuosha vyombo na kumwamkia kwa adabu, shikamoo yake haikupungua. Ila sasa akiondoka asubuhi alikuwa akifunga begi lake kwa kufuli. Kufuli dogo, lakini mlio wake ulisikika nyumba nzima.

"Anafunga begi," mama mkwe akaniambia.

"Ndiyo, mama."

"Hakuwa akifunga."

"Hakuwa akifunga, mama."

Siku ya kupima, Daktari alipima mwenyewe, rula kando, jicho moja limefumbwa, bila kugusa. Sikuwepo, lakini Mfadhiliwa alinisimulia. Hakukuwa na haja ya kubishana. Iliyoguswa ilikuwa mifupi, mashina manene, imesimama kama watoto walioadhibiwa. Isiyoguswa ilikuwa imekwenda zake juu. Daktari akachana rasimu ya ile barua. Ufadhili ukaendelea, na akamwambia binti akisimama ukumbini azungumzie hilo, kwamba ni zuri kuliko swali alilokuja nalo. Mama mkwe alirudishiwa ufunguo wake. Daktari akamwomba radhi, akasema ilimbidi.

Binti alifika nyumbani anakimbia, akanikumbatia hadi nikadondosha mkasi. Mama mkwe alipoingia nyuma yake, binti alimpokea mkoba na kumpa mkono, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Hakumkumbatia. Akaenda chumbani kuandaa maneno yake ya ukumbini.

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda cha binti, karibu na cherehani. Hajawahi kukaa pale. Nilikuwa nashona kola ya shati, nikaendelea.

"Yule mlinzi," akasema, "alikuwa ananitazama mikono."

"Ndiyo kazi aliyopewa, mama."

"Haoni uso. Mikono tu. Nikishika mche anatazama, nikiachia anatazama. Nikijikuna anatazama. Nikafika mahali najishuku mwenyewe. Nikawa natembea mle ndani kama mwizi, na sijaiba kitu."

Nikatoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza. Nilijua ninachotaka kusema, na ni kitu ambacho nilikimeza miaka yote.

"Pole, mama," nikasema. "Mimi nimetazamwa hivyo tangu niolewe."

Hakufoka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena, akanitazama.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Muuza maji alipita barabarani akisukuma mkokoteni wake, na mama mkwe alimfuata kwa macho mpaka akakata kona. Alikuwa anafikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. Angeweza kunipa jibu tamu, na mimi ningelipokea.

"Nisingekuamini," akasema.